Siku Kuku Alipokula Kura

Nakumbuka siku kuku alipokula uchaguzi wetu. Msicheke kwanza. Ukicheka mapema, mwanangu, ukifika penye kicheko chenyewe utakuta meno yameshachoka.

Nimeikumbuka kwa sababu yenu nyinyi wa kikundi cha alizeti. Jana mmenijazia uwanja, mmekalia magunia yangu, mnabishana mtamchagua vipi mwenyekiti wa mashine ya kukamua. Nilikuwa napepeta dengu, mkadhani bibi hasikii. Nilisikia yote. Huyu mjukuu wangu Yohana, kifua mbele kama jogoo anayepelekwa mnadani Ikungi: "Jamani, sisi tunataka uwazi! Kila mtu asimame nyuma ya mtu wake, tuonane! Mficha uchi hazai!" Na Neema huko pembeni, sauti ya panya ndani ya kihenge: "Mimi naona... si tutumie tu karatasi." Mkamzomea. "Neema anaogopa! Neema ana lake jambo!" Neema akainamia kucha zake kama vile ndiyo kwanza anaziona.

Neema hakuniomba nimtetee, na Yohana ni damu yangu. Lakini mtu wa umri wangu hangoji kuombwa, anaongea tu, na nyinyi mnavumilia. Shule sikuingia hata kwa bahati mbaya. Herufi nazijua kama ninavyowajua watu wa kijiji cha jirani: naziona zikipita, majina yake siyajui. Ila kuhusu kusimama nyuma ya mtu, hapo mniulize mimi.

Tulikuwa huku huku karibu na msitu wa Mgori. Mimi ni bibi harusi wa juzi juzi, nina mtoto mmoja mgongoni, huyo baba yake Yohana, hajaanza hata kukaa. Mume wangu alikuwa Sekenke anachimba dhahabu ambayo mpaka leo sijaiona. Nilikuwa naishi kwa mama mkwe. Mama mkwe wangu alikuwa mama wa ugoro. Anaongea meno yamebana, maneno yanapita pembeni mwa mdomo kama moshi wa jiko bovu. Ukimsikia anasema "nyamaza" ujue ameshakusamehe. Akikuita kwa jina lako lote, kimbia.

Na mimi nilikuwa nimeugua homa, maziwa yakakatika kifuani. Yakakatika kabisa, mwanangu, kama bomba la kiangazi. Mtoto alikuwa anaishi kwa maziwa ya ng'ombe. Na ng'ombe hakuwa wetu. Alikuwa wa Mzee Njiku.

Yohana anamjua kwa kaburi tu. Mzee Njiku alikuwa mdogo wake marehemu baba mkwe. Alikuwa na ng'ombe mpaka boma halitoshi, akawa anawagawa kwa watu wamfugie. Ndiyo ilivyokuwa kwetu, na bado ipo: mwenye ng'ombe wengi anakupa wawili, watatu, unachunga, unakamua, mbolea unapeleka shambani, ndama anakuwa wake. Ni wema, sikatai. Nusu ya kijiji ilikuwa inakunywa maziwa ya Mzee Njiku. Lakini mtu akishika chuchu unayonyonya, mwanangu, hana haja ya kukushika shingo.

Sasa pale kijijini tukachimbiwa kisima, kikawekwa bomba la mkono. La kwanza! Kabla ya hapo tulikuwa tunachota korongoni, unafukua mchanga, unasubiri maji yakusanyike kama unasubiri mtu mvivu avae viatu. Bomba likaja, na bwana maji akaja nalo kutoka mjini. Kijana mwenye haraka, anaongea kama anakimbizwa na nyuki: "Ndugu zangu, bomba ni lenu, mimi naondoka leo leo, nataka mtu mmoja, mtunza bomba, ndiye atashika funguo, ndiye atapanga nani achote saa ngapi na mifugo inywe saa ngapi, mchagueni, haya haya haya!"

Waliosimama kugombea ni wawili. Wa kwanza Mzee Njiku. Wa pili Mama Zaituni.

Mama Zaituni alikuwa mjane, mwanamke mwembamba, mtu wa sala tano, sauti yake chini kabisa. Anaongea na wewe mpaka unainama kumsikia. Ng'ombe hana hata wa dawa. Lakini kule korongoni, wanawake wakianza kuvutana kanga kwa sababu ya foleni, yeye ndiye anaitwa. Anafika, anauliza, "Nani alitangulia?" Basi. Na kwa sababu hajawahi kumpendelea mtu, hata yule aliyeshindwa anajishika kiuno anaondoka.

Na Mzee Njiku kila mtu alijua atafanya nini na funguo. Ng'ombe wake watakunywa kwanza, asubuhi maji yakiwa bado mengi kisimani. Wakimaliza, bibi zenu na ndoo zao wasubiri mpaka kisima kivute pumzi. Hakuna aliyesema kwa sauti. Tulikuwa tunasemea chunguni.

Siku ya mkutano mwenyekiti wa kijiji akasimama. Mtu mzuri, ila mwoga, anaongea kupitia puani kama mtoto mwenye mafua: "Ndugu wananji... utaratibu wetu ni ule ule... tudasimama nyuma ya ndugu, mmoja mmoja." Bwana maji akaruka: "Hapana, hapana! Kura ni siri! Nimeambiwa iwe siri!" Haya, siri. Karatasi hakuna, wa kuandika wachache. Wazee wakasema tutumie mtama. Kila mtu mzima anapewa punje moja, anaingia ndani peke yake, anaiweka kwenye chombo cha anayemtaka.

Wakachagua jiko la mjumbe, ile tembe ya paa la udongo karibu na bomba. Kwanza wakaweka vibuyu viwili. Mama mkwe akatega sikio nje, akasema kwa meno, "Hiki cha Njiku kikubwa kinalia *to*, kile kidogo kinalia *ti*. Siri gani inalia?" Kweli bwana. Wakatoa vibuyu, wakaweka vikapu viwili, chenye kitambaa chekundu ni cha Mzee Njiku, kisicho na kitu ni cha Mama Zaituni. Kikapu hakilii. Wakafunga mlango kwa turubai, watu wakaanza kuingia mmoja mmoja na punje yake mkononi, wameifinya utafikiri ni jino la dhahabu.

Mimi niliingia. Jiko giza, moshi wa jana bado umekaa. Nikaweka, nikatoka. Niliweka wapi? Loh! Unafikiri nimezeeka kiasi hicho?

Wakaingia wote mpaka vikongwe wa kushikwa mkono. Kisha mwenyekiti akaingia na bwana maji kutoa vikapu. Wakakaa. Wakakaa sana. Mara tunasikia bwana maji anasema, "Toka! Toka! Mungu wangu, toka!" Turubai likafunguka, akatoka kuku. Koo mkubwa, mweupe mweusi, anatembea polepole ameshiba, anajifuta mdomo ardhini, huku na huku, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

Alikuwa anaatamia nyuma ya mafiga! Nani katika kijiji chetu hajui kuku analala jikoni? Kila mmoja wetu nyumbani kwake kuku anaatamia nyuma ya mafiga. Na hakuna hata mmoja, si mwenyekiti, si mjumbe mwenye kuku, si mimi, aliyekumbuka. Tuliogopa sikio la mtu tukasahau tumbo la ndege. Watu waliopiga kura wanajaza uwanja, na mtama uliobaki kwenye vikapu vyote viwili haujazi kiganja cha mtoto.

Hapo ndipo penye kicheko. Cheka sasa.

Haya, nyamazeni, kicheko kimekwisha. Kwa sababu Mzee Njiku hakucheka. Alisimama. Alikuwa anaongea kama gogo linaburutwa: "Mi-mi... sina... maneno... mengi. Mmetaka siri, siri imeliwa. Sasa tusimame kama watu wazima. Mi-mi... nasimama... pale." Akaenda akasimama kwenye rundo la tofali, akatazama mbele, fimbo chini ya kwapa. Mama Zaituni akaenda akasimama karibu na bomba, mikono ndani ya kanga.

Na watu wakaanza kuondoka kwenda kwa Mzee Njiku. Mwanangu, uliwahi kuona ng'ombe wanavyoingia josho? Hakuna anayetaka. Lakini wa mbele ameingia, wa nyuma anasukumwa, na wa katikati anajifanya kama ndipo alipokuwa anaenda. Ndivyo walivyokwenda. Wanawake ambao jana yake kisimani walikuwa wananiambia, "Huyu mzee akishika funguo tumekwisha," hao hao, macho chini, wanatafuta pa kukanyaga kama kuna miiba.

Mimi damu ikanipanda. Nilikuwa na ulimi, nyie! Ulimi huu mnaousikia leo umeshaota mvi. Siku zile ulikuwa mbichi. Nikakata uwanja, mtoto mgongoni, nikaenda nikasimama nyuma ya Mama Zaituni. Peke yangu. Na ningesimama nikanyamaza, ingekuwa nusu ya ujinga. Sikunyamaza. Nikaigiza sauti ya mzee, mbele ya kijiji kizima: "Mi-mi... sina... maneno... mengi. Nina... ng'ombe... wengi!"

Watu wakaangua kicheko. Kikaruka juu, kisha kikakatika katikati, kama kamba ya ndoo. Mzee Njiku alikuwa amegeuza shingo. Aliniangalia. Hakuangalia mtu mwingine.

Mama Zaituni hakunigeukia. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Rudi ulikotoka, binti."

"Sirudi, mama. Mimi siogopi."

"Najua huogopi. Huyo wa mgongoni je, umemuuliza?"

Nikapeleka mkono mgongoni, nikamshika mtoto mguu. Akaendelea, na sasa alikuwa ameinua sauti kidogo, watu wakasogea kusikia. "Ushujaa wako ni wa mchana mmoja. Maziwa ni ya mwaka mzima. Mimi sina ng'ombe wa kumfidia mtu hapa. Anayesimama nyuma yangu leo, kesho mtoto wake anakunywa nini? Sitaki mgongo wa mtu. Kama kura yangu ni mpaka mtoto alale na njaa, siitaki." Akakunja kanga, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Ndipo mama mkwe akatema ugoro. Akamwendea Mzee Njiku polepole. Ni shemeji yake, mke wa kaka yake, anaruhusiwa utani. "Shemeji," akasema, meno yamebana, "hongera, una watu wengi nyuma yako. Unawaona nyuso?"

"Nitawaonaje, wako nyuma."

"Ndiyo. Wako nyuma. Hapo mbele ya macho yako umebaki wewe na bomba. Unajua wanaokupenda ni wangapi na wanaoogopa kunyimwa maziwa ni wangapi? Mimi nimesimama huku, nawaona. Usiniulize nyuso zikoje." Akamsogelea. "Au na wewe unaogopa punje ya mtama?"

Mzee Njiku alikuwa na kiburi cha haki, si mtu wa kukimbia dharau ya shemeji. Gogo likaburutwa: "Ni-u... ogope... mtama? Leteni!"

Mtama tena? Hapana, tulishajifunza. Kuku akafunikwa tenga nje, analalamika. Safari hii kila mtu akapewa kokoto. Ndani ikawekwa mitungi miwili, chini imejazwa majivu, kokoto likianguka linazama kimya, hakuna *ti* hakuna *to*. Na kila mtu aliambiwa aingize ngumi iliyofungwa kwenye mitungi yote miwili, huku aachie, kule asiachie, ili hata mkono wenyewe usimsaliti mwenye mkono. Watu wakaingia upya. Na kuhesabu kukafanywa nje, juani, juu ya ngozi ya ng'ombe, kila jicho linaona. Angalieni hapo, watoto. Kuweka kulikuwa gizani, kuhesabu kulikuwa juani. Msije mkachanganya. Anayetaka kuhesabia gizani, huyo ni mwizi hata kama amevaa tai.

Kokoto za Mama Zaituni zilikuwa chungu kubwa. Za Mzee Njiku zilikuwepo, si kwamba hazikuwepo, kuna waliompenda kweli. Lakini wale wote waliosimama nyuma yake saa ile, walikuwa wapi? Mgongo ulikwenda kwake, kokoto likaenda kwingine.

Mzee akapokea. Sitamsingizia, akapokea, akampa Mama Zaituni mkono. Lakini siku zilizofuata akawa anapita nyumba kwa nyumba anaamkiwa, anakaa, anauliza kwa mzunguko. Na kila nyumba ilimwambia, "Baba, mimi nilikuwa wako." Kila nyumba! Kama wote wangekuwa wake, ule mtungi ungepasuka. Hiyo nayo ni ila ya siri, sitaificha: inamfundisha mwoga kusema uongo wa usoni. Ila uongo huo nani aliupanda? Aliyekuja kuuliza asichopaswa kuuliza.

Akafika na kwetu. Asubuhi, na vijana wake wawili wa kuchunga. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba."

Hakuitikia. Mnaelewa? Shikamoo yangu ilibaki hewani kama nguo juu ya kamba. Akamwambia mama mkwe, "Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu."

Mama mkwe akauliza, "Na kwa nani kwingine unachukua?"

"Kwingine sikuona. Huyu nilimwona."

Ni hayo tu. Mwanangu, shikilia maneno hayo, yana uzito kuliko hotuba zote za redioni. *Kwingine sikuona. Huyu nilimwona.* Kijiji kizima kilimkataa, na hakuwa na wa kumwadhibu, kwa sababu hakumwona. Angenyang'anya kila mtu ng'ombe angebaki na nani wa kumfugia? Mmoja tu ndiye alijitoa mwenyewe kwenye giza lile, akajiwekea taa kichwani, akaigiza na sauti. Ulimi uliponza kichwa. Na hata kichwa kingekuwa changu peke yangu si kitu. Kilichoponzwa kilikuwa mgongoni, kinanyonya kidole.

Ng'ombe akaondoka, na ndama wake. Nikakamua nini? Jioni nikampa mtoto uji wa uwele mwepesi, akautema. Akalia. Akalia kilio cha kukwaruza, kile cha mtoto ambaye hana hasira tena. Mama mkwe akamchukua, akamtembeza uwanjani. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Aliniita kwa jina langu fupi siku hiyo, na ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Alfajiri nafungua mlango, nakanyaga kitu. Kibuyu kidogo. Kimezibwa kwa majani, bado kina joto. Maziwa.

Nikatazama njia, hakuna mtu. Nikamwamsha mama mkwe. Akanusa, akaonja, akasema, "Mpe mtoto, unashangaa nini?" Nikampa. Kibuyu kitupu nikakirudisha palepale mlangoni, na baadaye hakipo. Kesho yake kikaja kingine, mdomo wake umepinda kidogo, si kile cha jana. Keshokutwa kingine. Havikuwa vya nyumba moja. Na nyumba zenye maziwa ya kutosha kugawa ni zipi pale kijijini? Ni zile zinazofuga ng'ombe wa Mzee Njiku! Mzee alimnyima mtoto mbele ya watu, na ng'ombe wake wakawa wanamlisha kupitia mlango wa nyuma.

Nikataka kujua ni nani. Nikamwambia mama mkwe kesho naamka mapema, najibanza nyuma ya kihenge nimwone. Hapo akaniita kwa jina langu lote. "Ukimwona utamshukuru. Ukimshukuru utasikika. Ukisikika, na yeye ng'ombe wake ataondoka. Lala."

Nililala. Mpaka leo, mwanangu, sijui. Wengi wao nimeshawazika. Nilikuwa napita kwenye kila msiba nalia kuliko wafiwa, watu wananiuliza mbona unalia hivyo, huyu ni nani wako? Nitajibu nini? Labda ndiye. Na kwa kuwa simjui mmoja, ilinibidi niwaheshimu wote. Hata wale tuliogombana nao baadaye, nikitaka kufungua mdomo, najiambia: kama ni huyu je?

Siku moja nipo kwenye foleni ya bomba, Mzee Njiku akapita na ng'ombe zake. Walikuwa wanakunywa, msidhani Mama Zaituni aliwanyima. Aliwapangia saa yao ya mchana, ndoo zikishamaliza, na birika lao likachimbwa pembeni. Mzee akasimama mbele yangu. Akamtazama mtoto mgongoni, mashavu yameanza kujaa. Akasema, "Mto-to... ananenepa. Anakula... nini?"

Nilitazama pembeni kwa jicho moja. Wanawake wote, kila mmoja anaangalia ndani ya ndoo yake, utafikiri kuna samaki. Mmoja wao, au watatu, au sita, mioyo inawapiga. Na mimi ulimi unawasha, nyie, unawasha! Nina sauti yake tayari kooni. Nina maneno matamu ya kumchoma mpaka mfupa, ng'ombe wako mwenyewe ndiye anayemlisha, mzee!

Nikasema, "Anakula anachopewa na Mungu, baba."

Akanitazama sana. Halafu akasema, "Haya," akaenda zake. Nilipoinua ndoo kichwani maji yakanimwagikia kifuani, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanishikia ndoo. Siku hiyo ndiyo nilikua.

Sasa wewe Yohana. Unasema uwazi. Uwazi ni mzuri, lakini una mahali pake. Mama Zaituni alipokuwa na kamati yake ya bomba, siku moja ilibidi waamue kama ng'ombe wa wakubwa waruhusiwe asubuhi. Mjumbe mmoja wa kamati akanong'ona, sauti ya nyoka kwenye majani, "Tupige kura ya siri, mama." Mama Zaituni akasema, "Hapa hapana siri. Walionipa kokoto walificha mikono yao kwa sababu ni yao. Mkono wangu si wangu, niliazimwa. Lazima wenyewe wauone." Akaunyoosha juu mbele ya foleni nzima, Mzee Njiku yumo anatazama. Wenzake wakanyoosha, mmoja mmoja, anayetaka na asiyetaka. Ikajulikana nani ni nani.

Basi elewa hapo. Mkono wa mnyonge ufichwe, mkono wa aliyepewa madaraka uonekane. Mkivigeuza hivyo viwili mmekwisha. Ukiona mkubwa anataka wewe uinue mkono hadharani na yeye akaamue chumbani, ujue umeshaliwa, na safari hii si kuku.

Utaniambia, "Bibi, sisi kikundi chetu hakuna mwenye ng'ombe, tuko sawa." Sawa wapi? Anayegombea uenyekiti ni yule yule mwenye trekta linalowalimia wengine kwa mkopo. Neema shamba lake limelimwa na nani mwaka huu? Mnamzomea anaogopa. Ni kweli anaogopa, na woga wake una akili kuliko kifua chako. Msimdai mtu ushujaa ambao gharama yake atalipa peke yake nyumbani kwake. Mwenye kushiba hamjui mwenye njaa.

Na nyinyi wa simu. Nasikia siku hizi mtu anaingia kupiga kura, anaipiga picha, anamtumia mtu aone, "Mkuu, nimefanya." Mwanangu, watu wamekuwekea pazia, wewe unalitoboa kwa mkono wako mwenyewe! Leo umemwonyesha kwa kupenda. Kesho atakudai kwa lazima, na yule wa jirani asiye na picha ataulizwa yake iko wapi. Siri ya kura si yako peke yako uigawe utakavyo. Ukitoboa yako umetoboa na ya jirani.

Usimuulize mkeo kura yake. Usimuulize mumeo. Ukiulizwa, usitukane na usidanganye. Sema neno la Mungu, beba ndoo yako uende. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haijawahi kuongea.

Basi nendeni mkafanye uchaguzi wenu. Mungu awape macho ya kuchagua na subira ya kukaa na mliyemchagua. Awape viongozi mtakaowaamkia shikamoo kwa heshima, si kwa kutetemeka, nao waitikie hata siku mliyowanyima. Ukiwa ndani mkono wako uwe imara, ukitoka ulimi wako utulie. Na mtoto wa mtu yeyote, wa aliyeshinda na wa aliyeshindwa, asilale na njaa kwa sababu mzazi wake alipenda mtu mwingine. Waliobatizwa semeni amina, na wa msikitini semeni hivyo hivyo, Mungu anayesikia ni mmoja.